Hiyo Ndege ni ya Nani?

Wadau, juzi nilikuwa Mwimbi, kule Kalambo, mkoani Rukwa. Nimekaa kibandani napiga chai, ndege ndogo ikapita chini chini ikielekea kusini. Watoto wakaikimbilia kama kawaida yao. Mzee mmoja tuliyekuwa naye benchi moja akaangalia juu, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hiyo ni ya kwetu au ya Zambia?"

"Sijui, babu."

Akaguna. "Na wale wa Mbala wanajua?"

Swali hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Kwa msiojua kwetu, Mbala ni mji wa Zambia, ng'ambo tu ya mpaka. Ndiyo ile Abercorn ya zamani, alikosalimu amri Lettow-Vorbeck Novemba 1918. Uwanja wake wa ndege ni wa jeshi. Kutoka pale hadi uwanja wa Sumbawanga ni kama kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, yaani nusu saa tu kwa ndege ya injini moja. Sasa mchukue rubani mwenye ndege yake binafsi, anatua Sumbawanga, lakini kwanza anataka kuwaonyesha wageni wake maporomoko ya Kalambo. Maporomoko yale ndiyo mpaka wenyewe! Akikata kona pana kidogo ameshaingia anga ya watu, tena jirani na uwanja wa jeshi. Kule juu hakuna uzio wala geti.

Najua wengi mtasema: akipata matatizo kajitakia. Alitakiwa awe na kibali, aandikishe mpango wa safari, awashe transponda, asikilize redio. Kweli kabisa, na rubani asiyefanya hivyo simtetei. Lakini je, akifanya yote hayo, yule askari aliyeko chini anaambiwa na nani?

Tarehe 4 Mei 2020 ndege ya kampuni ya Kenya, African Express, ilikuwa inatua Berdale, Somalia, ikitokea Baidoa. Ilibeba vifaa vya kupambana na korona. Wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa pale wakaitungua. Watu sita, wote wakafa. Maelezo ya Waethiopia yalikuwa kwamba hawakuwa na taarifa ya ndege ile, wakadhani inakuja kujilipua. Hawakuwa na taarifa, basi!

Na tusiwacheke. Mwaka 1978, mwanzoni mwa vita vya Kagera, mizinga yetu wenyewe ilitungua ndege zetu wenyewe kule Musoma. Kama jeshi linaweza kushindwa kuitambua ndege yake, Cessna ya mtalii itatambuliwaje?

Hapo ndipo huwa tunaambiwa "usalama wa taifa" na mjadala unafungwa. Mimi sikubali. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa nchi haki ya kufunga sehemu ya anga yake kwa sababu za kijeshi, lakini unaitaka pia izitaarifu nchi nyingine. Siri haimo humo. Na baada ya Wasovieti kuitungua ndege ya abiria ya Korea mwaka 1983 na kuua watu 269, mkataba uliongezewa kipengele cha kuzuia silaha kutumika dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. Anga ya jeshi isiyojulikana kwa marubani haimlindi mtu yeyote. Ni mtego.

Mtaniambia tuna rada. Ehe, rada! Mnaikumbuka ile ya BAE, ya paundi milioni 28, iliyotutia aibu dunia nzima, mpaka chenji ikarudi kununulia vitabu vya shule? Siku hizi zipo nne za kiraia: Dar, KIA, Mwanza na Songwe. Sawa, ni hatua. Lakini rada huona kwa mstari ulionyooka, na ndege inayopita chini nyuma ya milima, mbali na Songwe, inaweza isionekane kabisa. Hata ikionekana, kidoto kwenye skrini hakimfikii askari wa nchi jirani mpaka mtu anyanyue simu.

Ninachotaka ni hiyo simu. Ndege ikiandikishwa kwenda Sumbawanga kwa njia ya kusini, upande wa Mbala upewe taarifa kabla haijaruka, na mtu aliyeko zamu uwanjani awe na namba ya mwenzake wa ng'ambo, inayopokelewa hata Jumapili. Tena si kwa ajili ya matajiri na ndege zao tu. Ndege ndogo ndiyo hiyo hiyo humfuata mgonjwa mahututi, na mgonjwa hasubiri barua ipite wizara mbili.

Marubani mnaosoma hapa, kama utaratibu huo upo tayari nirekebisheni, nitaandika tena. Na nitampelekea yule mzee jibu lake Mwimbi.