Aliyetoka Korokoroni Aulizwe Aliingiaje



Kila msimu wa kura ukikaribia, hapa Shianda hatukosi mgombea wa kutusimulia alivyolala korokoroni, nasi humpigia makofi kabla ya kumwuliza alipelekwa huko kwa kosa gani. Mazoea haya tulifunzwa na serikali yenyewe.

Tarehe 15 Oktoba 1975 polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakamkamata Mbunge wetu wa Butere, marehemu Martin Shikuku, pamoja na Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney. Siku chache kabla, Shikuku alikuwa amesema kwamba wapo waliotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipodaiwa ushahidi, Seroney, aliyekuwa kitini, alijibu kuwa jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Hapakuwa na mashtaka wala hakimu. Waliachiliwa Desemba 1978, na mwaka uliofuata Butere ikamrudisha Shikuku Bungeni. Mwaka 1991 alikamatwa tena kwa ajili ya mkutano wa FORD uliokusudiwa kufanyika Kamukunji. 1992 akachaguliwa kwa tiketi ya FORD-Asili.

Wengine wakaiona njia. Siku hizi hata aliyeshtakiwa kwa fedha za zahanati hupanda jukwaani akidai anateswa kwa ajili yetu, mbele ya wale wale waliokosa dawa! Katiba ya 2010 haimwengui mtu kwa kushtakiwa tu: Kifungu cha 99 chataka hukumu, na njia zote za rufani ziwe zimekwisha. Twaiunga mkono kanuni hiyo (watawala wa zamani wangefurahi mno kumwengua mpinzani kwa kumtia pingu tu), lakini maana yake ni kwamba kazi ya kupepeta imeachiwa sisi wapiga kura.

Wasomaji wa Biblia wakumbuke kuwa Paulo alifungwa, na Baraba pia alifungwa. Umati ulimtaka Baraba.

Wala kizuizi si deni la kulipwa milele. Mwaka 1997 wapiga kura wa Butere walimnyima Shikuku kiti, wakampa Amukowa Anangwe wa KANU.

Mwaka 2027 watakuja tena. Huenda wakawamo vijana waliokamatwa katika maandamano ya Juni 2024, na wengine waliokamatwa kwa zabuni. Tuwaombe wote waje na hati ya mashtaka mkononi, isomwe hadharani, kwa Kimarama ikibidi. Aliyeshikwa bila hati atuambie ni neno gani alilolisema.