Friji ya Kwanza ya Nyama

Mbuzi anayeingia Lubumbashi juu ya shehena ya lori, miguu imefungwa kamba na kichwa kinaning'inia, amekwisha kulipa nauli kwa mwili wake, na deni lililobaki litalipwa na mlaji wa michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, pale mtaa wa Hewa Bora. Misuli ya mnyama huweka akiba ya sukari. Akichinjwa ametulia, sukari ile hugeuka asidi, na pH ya nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi kama 5.5, hali ambayo vijidudu vya uozo haviipendi. Akichinjwa na kiu, uchovu na hofu, akiba imeishia njiani: pH hubaki juu ya 6, nyama huwa nyeusi na ya kunata, na huoza upesi. Tajiri ana friji na jenereta. Mama anayeuza nyama mezani, umeme ukikatika, friji yake ni asidi ile tu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tumalize kwanza shida za watu ndipo tuwafikirie wanyama. Mnyama akipigwa au kurushwa, nyama iliyovilia damu hukatwa ikatupwa, na hasara humwangukia mchuuzi. Wengine wanahofia gharama ya mradi wa kuwatunza wanyama safarini na machinjioni. Mwaka 1996, mtaalamu wa ustawi wa wanyama Temple Grandin alipokagua machinjio ya ng'ombe Marekani, ni asilimia 30 tu yaliyoweza kuwazimisha ng'ombe 95 kati ya 100 kwa pigo la kwanza. Kufikia 1999, wanunuzi wakubwa walipoanza kukagua, yalikuwa asilimia 90. Mengi hayakujengwa upya. Yalitunza zana, yakazuia sakafu kuteleza, yakasimamia wafanyakazi. Na Mwislamu asiyetaka mnyama azimishwe kabla ya kisu hana sababu ya kuupinga mradi huu: mafundisho ya dini yake yanamtaka asinoe kisu mbele ya mnyama wala asimchinje mbele ya mwenzake. Maji, kivuli na kisu kikali havigombani na imani ya mtu.

Fedha nazo hazitoki mbali. Sheria ya Madini ya Kongo iliyorekebishwa 2018 inalipatia jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na mamlaka za chini asilimia 15. Sehemu ndogo ya mrabaha wa shaba na kobalti ya jimbo letu la Haut-Katanga ingetosha kuweka njia ya mteremko ili ng'ombe asirushwe kutoka lorini, birika la maji, zizi la kupumzikia, na mafunzo kwa madereva na wachinjaji. Ila tusitoe fedha kisha tukangoja hotuba ya uzinduzi. Kila mwezi wahesabiwe wanyama walioanguka wakati wa kushushwa, waliofika wamekufa, na mizoga iliyovilia damu, na hesabu ibandikwe kwenye lango la machinjio. Namba zisiposhuka, mradi ubadilishwe au ufungwe. Zikishuka, mama wa mezani atakuwa wa kwanza kujua, kwa nyama iliyofika jioni bila kunuka.