Koneksheni Si Mtaji: Majibu kwa Madai Saba Kuhusu Makundi ya Waanzilishi

Msimu wa mashindano ya ubunifu ukifika, Nairobi na Dar es Salaam hujaa mialiko: jioni ya waanzilishi, kifungua kinywa na wawekezaji, kikao cha wanawake wa teknolojia, kundi jipya la WhatsApp ambalo ukilikosa unaambiwa umepitwa. Mabishano nayo hayakosekani. Wapambe wanasema bila koneksheni kampuni changa haitoki. Wabezaji wanasema huko watu huenda kula sambusa za bure na kupiga picha. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinalipima kundi kwa kile ambacho mtu ameondoka nacho usiku uleule. Ujuzi mwingi wa kuendesha kampuni changa haujaandikwa popote. Uko vichwani mwa watu waliokwisha kuumia, na hautoki humo mpaka waulizwe na mtu wanayemwamini. Kundi linalofaa ni lile linalofanya kuulizana huko kuwe rahisi. Tuyapitie madai yao moja moja.

Dai la 1: "Ukiwajua watu, mtaji utakufuata."

Mwaka 2016 Mark Zuckerberg alitua Nairobi na kuanzia ziara yake iHub, kituo cha wabunifu kilichokuwa Barabara ya Ngong. Picha zilisambaa, na hadi leo wapo wanaodhani ndivyo mambo yanavyokwenda: kaa karibu na mlango, tajiri apite, akuone. Lakini mwekezaji makini hatoi fedha kwa sababu mmesalimiana. Atataka kuona wateja wanaolipa, hesabu za miezi iliyopita na hati za umiliki wa kampuni. Kutambulishwa kunakupa nusu saa ya kusikilizwa, basi.

Msaada mkubwa wa kundi huja baadaye. Chukua kikao cha watu saba, meza moja, chapati na chai ya rangi. Mmoja ametoa rasimu ya mkataba, jina la mwekezaji amelifunika kwa kipande cha karatasi. Amefurahi: shilingi milioni 100 kwa asilimia 20 ya kampuni. Mwenzake aliyewahi kusaini mkataba wa namna hiyo anafungua ukurasa wa tatu na kuweka kidole kwenye kifungu kimoja. Kampuni ikiuzwa, mwekezaji ana haki ya kuchukua kwanza mara mbili ya alichoweka, ndipo wengine wagawane kinachobaki. Anaomba kalamu. Kampuni ikiuzwa kwa milioni 250, mwanzilishi anayedhani asilimia 80 yake ni milioni 200 ataambulia 50, kwa kuwa 200 zimekwenda na mwekezaji. "Mara mbili" ikibadilishwa kuwa "mara moja", atabaki na 150. Neno moja kwenye ukurasa wa tatu, milioni 100 kamili. Katika kikao hicho hakuna aliyepata mtaji, ila yupo aliyeokoa kampuni yake.

Dai la 2: "Ukilisema wazo lako, litaibwa."

Machi 1975, katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, wapenzi wa kompyuta walifanya mkutano wa kwanza wa Homebrew Computer Club. Miongoni mwao alikuwamo Steve Wozniak, mhandisi wa Hewlett-Packard. Alipobuni kompyuta yake, aliwagawia wanachama wenzake nakala za michoro bure. Mwajiri wake alioneshwa kazi hiyo na hakuitaka. Aliyeitaka ni Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop, aliyeiona palepale klabuni: aliagiza kompyuta 50 zilizokwisha kuunganishwa, kwa dola 500 kila moja. Oda hiyo ndiyo iliyoifanya Apple, kampuni ya Wozniak na wenzake, kuwa biashara. Wazo lililofichwa kabatini lisingemfikia Terrell.

Hata hivyo wizi ulikuwapo, na klabu ni hiyohiyo. Wanachama walinakili utepe wenye programu ya BASIC ambayo Bill Gates na Paul Allen waliiandika kwa ajili ya kompyuta ya Altair. Mwaka 1976 Gates akawaandikia barua ya wazi, akiwaambia bila kuuma maneno kwamba wengi wao wanaiba. Kilichoibwa, basi, kilikuwa bidhaa iliyokwisha kutengenezwa. Sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania nazo zinatofautisha hivyohivyo: programu ya kompyuta inalindwa, wazo tupu halilindwi. Kwa hiyo kundini eleza tatizo unalolitatua, wateja wamesema nini na umekwama wapi. Msimbo, orodha ya wateja na nywila vibaki nyumbani.

Dai la 3: "Mshindani hawezi kukufaa."

Mwaka 1994 mtafiti AnnaLee Saxenian alichapisha kitabu kikilinganisha maeneo mawili ya teknolojia ya Marekani: Silicon Valley, na Route 128 kandokando ya jiji la Boston. Huko Boston kampuni zilijifungia, kila moja ikijitegemea kwa kila kitu. Silicon Valley wahandisi wa kampuni zinazopambana walihama toka kampuni moja hadi nyingine, na jioni walikutana baa wakasimuliana matatizo ya kazi. Soko lilipobadilika, wa Silicon Valley ndio waliojipanga upesi. Tusiwasifu kwa ukarimu peke yake, maana sheria ya California tangu 1872 haitambui mikataba inayomzuia mfanyakazi kwenda kwa mshindani. Mazingira yaliwaruhusu kuongea.

Hapa Afrika faida ya washindani kukaa pamoja imeonekana zaidi kwenye sheria. Tunisia ilipitisha sheria ya kampuni changa mwaka 2018, Nigeria ikafuata mwaka 2022, na kote kuwili waanzilishi walishiriki kuiandaa. Kampuni moja peke yake, tena yenye wafanyakazi sita, ingesikilizwa na waziri gani?

Dai la 4: "Muda wa vikao ni muda wa kuandika programu."

Dai hili lina ukweli mwingi kuliko yote. Mwanzilishi anayehudhuria kila hafla, aliyekariri maelezo ya dakika tatu lakini hana mteja hata mmoja, tunamjua sote. Tiba yake ni kuchagua vikao. Homebrew walikutana mara mbili kwa mwezi, na watu walikuja wamebeba mashine, nyingine zikiwa hazijaanza hata kuwaka. Kikao cha namna hiyo ni sehemu ya kazi.

Isitoshe, kufahamiana hakuwezi kununuliwa siku ya shida. Januari 2008 Kenya ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake kama kuna mafundi wa kutengeneza ramani ya matukio ya vurugu. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambaye wakati huo aliishi Marekani, waliitikia. Kwa siku chache tovuti yao, Ushahidi, ikawa hewani, na mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Walikuwa wanasomana mitandaoni kabla ya hapo. Kama wangeanza kutafutana siku ile, ghasia zingekwisha bado wanaulizana nani ni nani.

Dai la 5: "Kundi likiwa kubwa ndiyo bora."

WhatsApp iliruhusu watu 256 katika kundi moja, kisha mwaka 2022 ikapandisha hadi 1,024. Wasimamizi wengi walishangilia. Matokeo yake unayajua: asubuhi ni picha za maua na salamu, mchana tangazo la viwanja vya Kigamboni, jioni viungo vya mafunzo ambayo hakuna aliyeyauliza. Usiku mmoja anauliza kwa nini mfumo wake wa malipo haupokei majibu kutoka kampuni ya simu, naye anajibiwa na kimya, au na vidole gumba.

Wanaotetea ukubwa humtaja Mark Granovetter, mwanasosholojia aliyeandika mwaka 1973 kuhusu nguvu ya uhusiano mwepesi. Kati ya wataalamu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu, zaidi ya wanne kati ya watano walisaidiwa na mtu waliyeonana naye kwa nadra au mara mojamoja tu. Ni kweli, rafiki wa kila siku anajua unachokijua. Ila mwepesi si mgeni kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu mamilioni ya watumiaji wa LinkedIn ulionesha kuwa wanaosaidia zaidi ni watu wa kati na kati: si ndugu, wala si majina matupu.

Kundi ni kama upatu. Upatu unaendelea kwa sababu kila mchezaji anajua nani ametoa na nani bado. Ukiuandikisha mtaa mzima, fedha hupotea. iHub ilipoanza mwaka 2010 ililielewa hilo. Iliwapanga wanachama kwa madaraja ya rangi: wa nyeupe walikuwa wengi waliojiandikisha tu mtandaoni, wa kijani waliomba na kuchaguliwa, wa nyekundu walilipia meza. Mlango wa nje ulikuwa mpana, wa ndani mwembamba. Msimamizi anayeogopa kuwaondoa wachuuzi wa viwanja anawafukuza wenye majibu bila kujua.

Dai la 6: "Makundi haya ni ya wageni na wanaojua Kiingereza cha mashindano."

Hili si wivu. Ripoti ya mwaka 2017 ya Village Capital, shirika linalosaidia kampuni changa, ilieleza kwamba takribani asilimia 90 ya mtaji uliokwenda kwa kampuni changa za huduma za fedha Afrika Mashariki mwaka 2015 na 2016 uliishia kwa kampuni chache zenye angalau mwanzilishi mmoja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. Anayesema hilo ni suala la ubora wa mawazo pekee aeleze kwa nini ubora ulipanda ndege. Wawekezaji walifuata watu waliosoma nao au waliofanana nao, na vikao vya kifungua kinywa hotelini viliurahisisha mchezo huo.

Lakini kutoka hapo hadi kusema "basi tuachane na makundi" ni kuruka mantiki. Koneksheni za wengine hazivunjwi kwa kukaa peke yako. Mwaka 2010 wanawake wachache wa Nairobi waliochoka kuwa mmojammoja kwenye vyumba vilivyojaa wanaume walianzisha kundi la AkiraChix. Judith Owigar na Linda Kamau walikuwa miongoni mwao. Walifundishana na kupeana moyo. Mwaka huohuo Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka wakaanzisha M-Farm, iliyompa mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi wa simu, na wakashinda shindano la saa 48 lililowapa euro 10,000. Angela Lungati, mwingine wa waanzilishi wa AkiraChix, baadaye aliongoza shirika la Ushahidi.

Suala la lugha nalo lina dawa isiyohitaji mfadhili. Kijana wa Mbeya au Kisumu anayeshindwa kueleza kwa Kiingereza jinsi wakala wa fedha za simu anavyokosa salio jioni ya mwisho wa mwezi atalieleza tatizo hilo kwa Kiswahili mpaka ulione. Fungueni kikao kwa Kiswahili. Mwekezaji aje na mkalimani.

Dai la 7: "Vituo vyenyewe vimekufa, iHub iliuzwa."

Mwaka 2019 iHub ilinunuliwa na CcHUB, kituo kama hicho cha Lagos, na wapo waliolichukulia tukio hilo kama mazishi. Kituo ni jengo lenye kodi, umeme, intaneti na mishahara, na vituo vingi viliegemea ruzuku. Ruzuku ikipungua, jengo linabadilisha mwenyewe au linafungwa. Waliofahamiana ndani yake hawafungwi nalo. Homebrew ilivunjika mwaka 1986, Apple ikiwa na miaka kumi na kampuni nyingine kadhaa za wanachama wake zikiwa zimeshaanzishwa na nyingine zimeshakufa. Hakuna anayesema klabu ile ilishindwa.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kulipa ada au kupanda daladala kwenda kikaoni si nani maarufu atakuwapo. Uliza kama mara iliyopita kuna mtu aliyetoa tatizo lake la kweli mezani, lenye tarakimu, na kama kuna aliyemjibu. Na mkono mtupu haulambwi: nenda na swali moja lililokunyima usingizi, pamoja na jambo moja unalolijua vizuri ambalo mwingine anaweza kulihitaji, hata kama ni namna ya kujaza fomu ya usajili isirudishwe. Ukihudhuria vikao vitatu hujaulizwa na hujajibiwa, jitoe bila kuaga. Watafute wanne wenye kazi mkononi, muanze lenu.