Shahada ya Pili na Karai la Chokaa

Wapo wasemao kwamba Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, utasalimika siku watakapopatikana vijana wa visiwani wenye shahada ya uzamili ya usanifu majengo, majina yao yakaandikwa katika daftari la waliosajiliwa. Hoja hii yapendeza masikioni. Kasoro yake ni kwamba haikuuliza shahada hiyo yasomesha nini.

Itazamwe Uingereza, wanakokwenda baadhi ya vijana wa pwani wenye uwezo, au wenye jamaa wa kuwachangia. Miaka mitatu ya shahada ya kwanza, miwili ya shahada ya pili, miezi 24 ya kazi chini ya msimamizi, kisha mtihani wa mwisho: aghalabu miaka saba, na wengi huzidisha. Na baada ya taabu yote hiyo, sheria yao ya mwaka 1997 yalinda nini? Jina. Kuchora nyumba, aweza yeyote. Asichoweza asiyesajiliwa ni kujiita msanifu majengo katika kazi yake.

Si kwamba daftari halina faida. Jengo likiporomoka sharti ajulikane wa kuulizwa, na anayelibeza hilo akumbuke tarehe 25 Desemba 2020, ilipoanguka sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa.

Lakini wapenzi wa tungo wanajua kwamba ajuaye kuhesabu mizani hajawa malenga. Nyumba ya Mji Mkongwe ni jiwe la matumbawe, udongo na chokaa, na dari lake limelala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, kiasi cha mita tatu au pungufu. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Ukuta wake hupumua: unyevu huingia, ukatoka kupitia chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hunaswa ndani, chumvi ikala jiwe, na boriti zikaoza kwenye ncha, pale zilipozama ukutani ambapo jicho halifiki. Fundi aliyezeeka na tanuu la chokaa hulijua hilo kwa kiganja. Jina lake halimo daftarini.

Basi kijana na asome, tena asome sana. Ila bodi zinazompokea arejeapo na zimdai mwaka mzima juu ya jukwaa la ujenzi, karai mkononi, kando ya fundi huyo, na fundi alipwe ujira wa mwalimu, si wa kibarua. Watajibu wenye ofisi kwamba fundi hana cheti, hivyo hawezi kutia sahihi katika kitabu cha mafunzo. Na apewe kalamu, upesi, maana mafundi hao wanazidi kupungua.