MAMBO YA NYUMBANI: Kabari ya Mlango

Mji wa Isiolo umejengwa kaskazini ya Mlima Kenya, hapo nchi ya juu inaposhuka na kuwa tambarare kavu. Upepo wa huko wajulikana na kila mkaaji: huinua vumbi na kupigapiga milango. Mlango unaojibamiza kila siku hulegeza skrubu za bawaba na kupasua mwimo. Na lililo baya zaidi, waweza kuponda vidole vya mtoto aliyeshika ukingoni.

Wenye nyumba wengi huegemeza jiwe. Jiwe halina gharama, lakini lina ila mbili. Usiku huwakwaza wazee na wageni. Tena katika nchi kavu nge hupenda kujificha chini ya mawe, na mkono unaolisogeza gizani waweza kuumwa. Heri kabari ya mti.

Kabari njema hukatwa katika mti mgumu uliokauka: urefu sentimita 15, upana 5, na kimo 3 kwa upande mnene, upande wa pili ukiwa mwembamba kama ulimi. Ikiwa mteremko wake ni mkali haitashika; mlango utaisukuma tu. Chini yake hubandikwa kwa gundi kipande cha mpira wa tairi, kama vile vinavyotupwa na mafundi wa akala. Kabari ya zamani inayoteleza isitupwe: mpira ulioisha ubanduliwe, mti upigwe msasa, na mpira mpya utiwe.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni mahali pa kuiweka. Upepo husukuma mlango kana kwamba nguvu yake yote iko katikati. Katika mlango wenye upana wa sentimita 80, kabari iliyo sentimita 10 kutoka kwenye bawaba hubeba nguvu mara nne ya ile ya upepo, na bawaba huvutwa kwa nguvu mara tatu. Ikiwekwa sentimita 70 kutoka kwenye bawaba, hubeba zaidi kidogo ya nusu tu, na bawaba hupumzika.

Tena kabari huzuia upande mmoja. Kwa mlango wa nje, au penye sakafu ya udongo, yafaa kulabu ya chuma ukutani na pete yake ukingoni mwa mlango, juu kuliko mkono wa mtoto. Tundu la skrubu lililolegea katika mti hujazwa vijiti vikavu vilivyopakwa gundi. Gundi ikikauka, skrubu hukazwa upya.

Mwisho, kabari itobolewe na kufungwa kamba, ipate kutundikwa kwenye msumari isipotumika. Iliyoachwa sakafuni hukwaza kama jiwe lile lile. Ni kazi ya jioni moja, wala haihitaji seremala. Wahenga walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende.