Mupini Mugumu ao Mulaini? Jibu kwa Kijana wa Golfu



Mwezi huu barua iliyonifikia haiulizi juu ya uchumba wala juu ya maombi ya kufunga. Imetoka kwa kijana mmoja wa Lubumbashi, miaka 19, ambaye kila siku ya posho (na, ninaogopa, hata siku ya yenga asubuhi) anabeba mifuko ya wachezaji wa golfu. Anaandika hivi: "Pasta, kuna mutu anataka kuniuzishia mipini saba ya fimbo za chuma, yote iko na alama ya X. Anaomba dola 140. Feza niko nayo, lakini mama anasema ni ya masomo ya mudogo wangu. Wenzangu wanasema mwanaume hapigi na R, R ni ya wazee. Nifanye nini?"

Najua wengine watauliza: Pasta na mambo ya golfu, vinakutana wapi? Vinakutana pale kwenye zile dola 140. Na tena, mimi mwenyewe nilibeba mifuko ile nilipokuwa mwanafunzi, kabla sijaingia shule ya Biblia. Kosa ambalo huyu kijana anataka kufanya, mimi nililifanya mbele yake.

Mwanangu, tuanze na kitu chenyewe. Fimbo ya golfu iko na kichwa cha chuma kinachopiga mupira, na mupini murefu mwembamba, na pale juu kishikio cha mikono. Watu wakinunua wanaangalia kichwa, sababu kinang'aa na jina la kiwanda limeandikwa pale. Mupini hauangaliwi. Lakini mama zetu wanajua zaidi kuliko sisi. Mama akienda soko kuchagua mupini wa jembe, anaushika, anautikisa, anafunga jicho moja aone kama umenyooka, anaupima na urefu wa mwili wake. Haulizi jirani yake mwenye nguvu analima na mupini gani. Anajua ya kwamba jioni ni mabega yake yatakayouma, si ya jirani.

Mupini wa golfu uko na jambo moja zaidi: unapinda. Unaposhusha fimbo kwa nguvu, kwanza kichwa kinabaki nyuma kidogo juu ya uzito wake. Halafu, karibu ya kufika kwenye mupira, mupini unanyooka na kupinda kidogo upande wa mbele, kichwa kinatangulia. Yote hayo yanapita upesi sana, jicho halioni kitu. Kama mupini ni mulaini sana kwako, kichwa kinatangulia kupita kiasi, uso wa chuma unatazama juu, mupira unapanda kama moshi na mara nyingi unakwenda kushoto. Kama ni mugumu sana kwako, mupira unakwenda chini chini na kukimbilia kuume, na mikono inasikia kama umepiga jiwe. (Nasema kwa mutu wa mukono wa kuume, wa kushoto ageuze.)

Zile herufi zinaonyesha ugumu huo. L ni laini kuliko zote, iliwekwa kwa wanawake wenye pigo la polepole. A ni ya wazee, viwanda vingine vinaandika M. R ni ya kawaida, S ni mugumu, X mugumu zaidi. Sasa sikia vizuri: hakuna sheria moja inayofunga viwanda vyote. R ya kiwanda kimoja inaweza kuwa ngumu karibu sawasawa na S ya kiwanda kingine. Kwa hiyo herufi si cheo cha jeshi, ya kusema X ni jenerali na R ni askari mudogo. Ni kama namba ya kiatu. Nani anacheka mutu kwa kuwa anavaa namba 40?

Lakini mimi nilifikiri ni cheo. Mwaka 1997 muzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia fimbo tatu, zote za S, za chuma nzito. Yule bwana alikuwa na mabega kama mulango wa kanisa. Mimi nilikuwa kijana wa mifupa, wa kula mara moja kwa siku, miaka ile mulioishi mnaijua. Mipira yangu ikawa inakwenda chini na kuume. Nikasema ni nguvu zinakosa, nikapiga kwa nguvu zaidi. Kisha miezi miwili kiwiko changu kikauma upande wa nje mpaka sikuweza kuinua ndoo ya maji. Mwezi muzima sikubeba mufuko wa mutu, na ule mufuko ndio uliokuwa unaleta chumvi na sabuni nyumbani. Mubeba mifuko mmoja mukubwa wetu akanihurumia, akanipa chuma cha 7 cha zamani, R, kichwa kimechakaa. Mupira wa kwanza ukapanda vizuri kama njiwa. Na unajua nilifanya nini? Nilikuwa ninakipiga nikiwa peke yangu. Wenzangu wakifika, nilikificha ndani ya mufuko na kutoa ile S.

Watoto wa shule ya yenga wote wanajua habari ya Daudi na mavazi ya vita ya mufalme Sauli, katika 1 Samweli 17. Sisi wahubiri tunakimbilia upesi kwenye jiwe na paji la uso la Goliati. Lakini tazama ya mbele yake: Daudi alivaa kwanza yale mavazi, akajaribu kutembea nayo, akaona hawezi, akayavua mbele ya mufalme na watu wake. Hakuyakataa kwa kuyatazama tu, na hakuyachukua kwa sababu ya jina la mwenyewe. Alijaribu. Wewe umejaribu ule mupini wa X? Barua yako haisemi.

Barua yako haisemi pia jambo la lazima kuliko yote: chuma chako cha 6 kinapeleka mupira wapi? Wauzishaji wa mipini wanatumia vipimo kama hivi, tukihesabu pale mupira unapoanguka mara ya kwanza, si pale unapoishia kuviringika. Chini ya metre 120, tafuta A ao hata L. Kati ya 120 na 140, R. Kati ya 140 na 160, S. Kupita 160, hapo ndipo X inaanza kuwa na maana. Usidanganywe na udongo wetu: mwezi wa nane na wa kenda uwanja unakauka kama barabara, mupira unakimbia metre 30 mbele na mwenyewe anajisifu. Tena Lubumbashi iko juu, zaidi ya metre 1.200 kupita bahari, hewa ni nyepesi, mupira unaruka mbali zaidi kuliko kule pwani, kama metre 4 ao 5 juu ya kila 100. Kwa hiyo ukipata 143 hapa kwetu, usijiite S bado.

Tena angalia namna yako ya kupiga. Watu wawili wanaweza kupeleka mupira mahali pamoja, lakini mmoja anashuka polepole na kuongeza mbio mwishoni, mwingine anavuta kwa ghafula kutoka juu kama anayeua nyoka. Huyu wa pili anahitaji mupini mugumu kidogo kumushinda wa kwanza.

Na uzito! Hapo ndipo vijana wengi wanapotea, sababu uzito hauna herufi kubwa ya kujisifia. Mipini ya chuma mingi iko kati ya grama 90 na 130. Ile ya nyuzi za kaboni, ambayo watu wanaita grafiti, mara nyingi iko kati ya 50 na 90. Mipini ya X ya chuma kwa kawaida ni ya wale wazito. Grama 30 si kitu ukiishika dukani. Lakini kwenye shimo la 15, jua likiwaka, mikono inazihesabu moja moja. Grafiti inapunguza mutetemo pia, na kwa mutu mwenye kiwiko kibaya ao muzee ni msaada wa kweli. Bei yake tu ndiyo inaumiza.

Wenzako wanaosema habari ya wanaume hawajui historia. Zamani mipini yote ilikuwa ya muti, muti mugumu wa Marekani unaoitwa hikori. Wakubwa wa golfu kule St Andrews waliruhusu mipini ya chuma mwaka 1929 tu. Mwaka 1930 Bobby Jones wa Atlanta alishinda mashindano makubwa yote manne ya wakati ule, na mipini yake ilikuwa bado ya muti. Mwaka 1931 Billy Burke ndiye wa kwanza kushinda US Open na mipini ya chuma. Inasimuliwa ya kwamba Jones alichagua fimbo zake moja moja kwa kuzisikia mukononi, na miaka mingi nyuma, zilipopimwa kwa mashini, zilipatana karibu zote. Moja tu haikupatana na zingine, na ni ileile aliyosema ilimusumbua siku zote. Mikono yake haikuwa na herufi ya kusoma.

Sasa tuje kwenye ile biashara. Unasema mipini saba. Ni mipini peke yake, bila vichwa? Basi hesabu haiishi kwa 140. Kuna gundi kali ya mirija miwili, kuna vishikio vipya, kuna feza ya fundi. Na kabla ya yote, uulize unene wa ncha inayoingia ndani ya kichwa. Iko ya namna mbili kwa fimbo za chuma: milimetre 9,02 na milimetre 9,40. Tofauti ni kama unene wa kadi, lakini ncha nyembamba ndani ya tundu kubwa inacheza, na ncha nene ndani ya tundu dogo haiingii. Kama mupini umekwisha kutumika, uviringishe juu ya meza iliyonyooka: ukirukaruka, umepinda, acha. Chungulia ndani ya tundu la juu. Ukitikisa na kutu ikaanguka kama unga, acha vilevile.

Na usikubali fundi wa kulehemu akutolee vichwa vya zamani kwa moto mukubwa. Gundi inalainika kwa moto mudogo. Mupini wa chuma unavumilia, lakini grafiti ikiungua ndani, nje unaweza usione kitu, na siku moja katikati ya pigo unavunjika, kichwa kinaruka kama risasi. Pale mbele kuna watu wamesimama. Grafiti inavutwa imenyooka, bila kuizungusha. Tena ujue ya kwamba kukata upande wa ncha kunaongeza ugumu. Yule atakayekuambia "X ni ndefu, tutaikata chini kidogo ikufae" anakupeleka mbali zaidi na unachohitaji.

Sikukatazi kuota. Jirani zetu wa Zambia wako na Madalitso Muthiya, aliyecheza US Open ya mwaka 2006, Muzambia wa kwanza kufika pale. Lakini sheria inaposema fimbo 14, huo ni mwisho wa hesabu, si amri. Kwa kujifunza, chuma cha 5, cha 7, cha 9 na moja ya karibu na shimo zinatosha mwaka muzima, hata kama si za kiwanda kimoja.

Juu ya mama yako, nitasema kwa ufupi. Zile feza ulizitolea jasho, ni kweli. Lakini kama nyumbani mulikubaliana ni za masomo ya mudogo wako, basi zimekwisha kuwa na mwenyewe, hata kama ziko ndani ya sanduku lako. Ongea na mama akiwa amekaa, si akiwa anatoka soko na muzigo kichwani. Umuonyeshe hesabu yote, pamoja na gundi na fundi. Akisema hapana, ni hapana.

Kwa sasa fanya hivi. Azima chuma cha 6 cha R kwa mutu mmoja na cha S kwa mwingine. Piga mipira kumi na kila kimoja, asubuhi, kabla hujachoka. Ondoa miwili mibaya kabisa, pima kwa hatua mahali minane mingine ilipoanguka, na uandike pia kama ilikwenda kuume ao kushoto. Usiwaambie wenzako ni fimbo gani. Wao watazame mupira tu. Mwenye kuuzisha umuombe mupini mmoja wa kujaribu, umefungwa kwenye kichwa, siku mbili. Akikataa, umusalimie vizuri na uende zako. Halafu uniandikie zile hesabu, na uniambie kiwiko chako kinasikia namna gani.