Mita 60 za mto tuzipande mkwamba

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Katazo hilo ni la haki, lakini katika kata ya Ngonga na wilaya nzima ya Kyela, ambako mpunga na kakao vinagombea ardhi tambarare na mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, katazo peke yake halishiki udongo. Ukingo uliokwisha kufyekwa unahitaji kupandwa, na mmea wa kuanzia ni mkwamba.

Mkwamba, ambao wataalamu huuita Flueggea virosa, ni kichaka cha asili kinachoota sehemu nyingi za Tanzania, hasa kandokando ya mito. Kwa kawaida haupiti mita tatu, hivyo hautii shamba kivuli kizito. Kiangazi hupukutisha majani, nayo huoza na kurutubisha udongo. Ukikatwa huchipua upya. Matunda yake meupe huliwa na ndege na watoto, ila huzaliwa na miti jike tu, kwa hiyo ipandwe mingi pamoja. Miche ipandwe mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ipaliliwe na kukingwa na mifugo hadi ishike. Ikibaki vijiti vitupu mwezi wa Septemba, isidhaniwe imekufa ikang'olewa.

Wapo watakaosema kichaka ni maficho ya nyoka. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kupogoa kila kiangazi na kutopanda karibu na nyumba. Wengine watauliza kwa nini tupande kinachoota chenyewe porini. Ni kwa sababu pori lenyewe limegeuzwa shamba, na nafasi linayoacha huwahiwa na mimea vamizi ya kigeni kama lantana, yenye asili ya Amerika. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mto kama Songwe, unaohama mkondo wake, hauzuiwi na kichaka. Kweli, na ndiyo maana kwenye mito mikubwa mkwamba uchanganywe na miti yenye mizizi mirefu. Lakini vijito na mifereji ya mashambani hubebwa udongo kidogo kidogo kila mvua, na hapo mkwamba unatosha. Serikali za vijiji zianzishe vitalu kabla ya Novemba. Mbegu zipo, na hazinunuliwi.